Kazi Ihamayo

Kila kazi ya mikono ina alama yake ya kituo. Mwanamke afumaye kiondo ainukapo kwenda kutazama chungu jikoni huacha nyuzi zikining'inia, na arudipo vidole vyake huzidaka nyuzi zile zile bila ya kuuliza. Seremala huacha randa juu ya ubao alioufikia. Mwashi huacha uzi wake umekazwa kutoka pembe hata pembe ya ukuta. Mkulima hulaza jembe mwisho wa tuta. Hakuna hata mmoja wao atesekaye kukumbuka alipofika jana, kwa sababu kazi yenyewe imemngoja pale pale, na imemtunzia kumbukumbu.

Sasa fikiri, msomaji, juu ya kiondo ambacho siku za kazi hufumwa Nairobi na mwisho wa juma hufumwa Murang'a, na ambacho kila kikisafiri nyuzi zake hujisokota ndani, zikawa hazionekani. Mfumaji wa kiondo hicho angetumia nusu ya siku kutafuta mahali pa kuanzia, na huenda siku nyingine angeanza pasipostahili. Hiyo ndiyo hali ya mtu aandikaye kwa kompyuta zaidi ya moja. Napenda kukueleza habari za jambo hili, kwa kuwa wewe pia, ukiwa mwanafunzi, aghalabu huanza kuandika katika kompyuta ya shule na kumalizia katika kompyuta ya mtu mwingine.

Watu wengi hudhani kwamba kuhamisha maandishi ni kuhamisha faili tu. Faili ni maneno uliyoyaandika, na bila shaka ndiyo mali kubwa. Lakini mtu aketipo kuhariri, faili si kitu pekee kilicho mbele yake. Kuna kishale kinachomwonyesha mahali alipofika. Kuna madirisha mawili au matatu: katika moja mna sura anayoiandika, katika jingine mna orodha ya majina anayoifuata. Kuna neno alilokuwa akilitafuta, kuna sentensi aliyoikata kwa nia ya kuipachika mahali pengine, na kuna historia ya masahihisho imwezeshayo kutendua alichokitenda. Vitu hivi vyote pamoja ndivyo niviitavyo kikao. Faili ni mwili wa kazi. Kikao ni pumzi yake ya wakati ule. Kuhamisha mwili ni rahisi. Kuhamisha pumzi kwahitaji maarifa.

Mimi niliyatafuta maarifa hayo kwa sababu ya Baba Mkubwa. Alikuwa ndugu mkubwa wa baba yangu, na maisha yake yote aliishi juu ya mgongo mmoja wa kilima katika Murang'a. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952 na kukomeshwa mwaka 1960, ardhi ya upande wetu ilikusanywa, ikapimwa na kugawanywa upya. Yeye alikuwa kijana, akawabebea wapimaji minyororo na vigingi. Mashamba madogo madogo yaliyokuwa yametawanyika yaliunganishwa yakapewa nambari. Lakini majina ya zamani ya vipande vile, ya vijito, na ya njia za mbuzi, hayakuandikwa katika karatasi yo yote. Yalibaki vichwani mwa watu, na watu walikuwa wakipungua mmoja mmoja. Baba Mkubwa alipofikia umri wa miaka 85, mimi na yeye tulipatana kuyaandika.

Mimi hufanya kazi Nairobi. Kila mwisho wa juma nilipopata nafasi, nilipanda matatu nikaenda kwake. Yeye alisema, na mimi niliandika katika kompyuta kuukuu iliyokuwa nyumbani kwake. Siku nyingine nilisahihisha na kupanga katika kompyuta yangu mjini. Nilipokosa nafasi ya kwenda, mjukuu wake, msichana wa Kidato cha Tatu, aliketi mahali pangu. Hivyo kazi ilikuwa moja, kompyuta mbili, na mikono minne.

Baba Mkubwa alikuwa na swali moja aliloliuliza kabla ya kusema neno lo lote: "Tuliachia wapi?" Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo karatasi haikumfaa. Alitaka asomewe sentensi ya mwisho, na pengine nusu ya sentensi, na hapo hapo alishika uzi wa habari akaendelea kana kwamba hakuna siku saba zilizopita katikati. Lakini asomewapo mahali pasipo penyewe, mawazo yake yalishika njia nyingine, na jina lililokuwa katika ncha ya ulimi lilirudi lilikotoka. Kwa mzee wa umri ule, jina lililorudi halikuwa na ahadi ya kuja tena. Sasa waona, msomaji, kwa nini kikao kilikuwa kitu cha thamani kwetu. Swali la mzee ndilo swali ambalo kikao hulijibu.

Programu tuliyoitumia huitwa Vim. Mzazi wake ni programu iitwayo vi, ambayo Bill Joy aliiandika mwaka 1976 alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Vim yenyewe ilitolewa kwa watu mwaka 1991 na Mholanzi, Bram Moolenaar, aliyeitunza mpaka alipofariki mwaka 2023. Mtu huyu hakuwa mgeni wa pande zetu. Katika miaka ya 1990 alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda, akafanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto. Na kwa kuwa programu yake aliitoa bure, aliwaomba waitumiao wawakumbuke watoto wa huko. Kwa miaka mingi, afunguaye Vim bila ya faili alikutana katika kiwambo na maneno ya kumwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Tuliichagua programu hii kwa sababu tatu: haikuhitaji kompyuta yenye nguvu, ilikubali kukaa katika kompyuta za namna mbalimbali, na maandishi yake yalikuwa maneno matupu yasiyo na mapambo, yanayoweza kusomwa na programu nyingine yo yote.

Vim ina amri iitwayo mksession, na kazi yake ni kufunga kikao kama msafiri afungavyo mzigo. Ukiitoa amri hiyo, programu huandika faili ndogo ambayo kwa kawaida huitwa Session.vim. Ndani ya faili hiyo hamna maandishi yako hata neno moja. Mna maagizo tu: fungua faili hii na ile, gawanya kiwambo madirisha mawili, weka kishale katika mstari fulani. Ni kama barua ya mwenyeji ikuelezayo jinsi ya kufika nyumbani kwake. Nyumba yenyewe haimo ndani ya bahasha. Kwa hiyo abebaye Session.vim peke yake amebeba ramani akaacha shamba, na abebaye maandishi peke yake amebeba shamba akaacha mipaka. Vyote viwili vyatakiwa kusafiri pamoja, katika folda moja, kwa diski moja ya flashi au kwa njia moja ya mtandao.

Hata hivyo, mzigo uliofungwa vizuri waweza kukwama njiani. Sisi tulikutana na vikwazo vinne, na kila kimoja kilitufundisha jambo.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa anwani. Kompyuta yangu ya Nairobi ilitumia Linux, na faili zangu zilikaa katika njia ianzayo na /home. Kompyuta ya kijijini ilitumia Windows, na njia zake zilianza na C: zikaendelea kwa mikwaju iliyolala upande wa pili. Basi maagizo yaliyoandikwa Nairobi yalipofika kijijini yalisema, "Nenda mahali fulani," na mahali hapo hapakuwapo. Ni sawa na kumwelekeza mgeni kwa kumwambia apinde kushoto penye duka jeupe, ilhali katika mji aliko hakuna duka jeupe. Dawa yake imo ndani ya Vim yenyewe. Kuna chaguo liitwalo sesdir, ambalo maana yake ni kwamba makao ya kazi yahesabiwe kuwa ni pale pale ilipo faili ya kikao, po pote iwapo. Tangu tulipolitumia chaguo hilo, maagizo hayakusema tena, "Nenda katika nyumba ile ya Nairobi." Yalisema, "Tazama hapa kando yangu." Mwelekeo wa namna hii haupotezi mtu, maana mwelekezaji na kielekezwacho husafiri pamoja.

Kikwazo cha pili kilikuwa mwisho wa mstari. Huenda hujapata kuona mashine ya taipu ya zamani. Mpiga taipu alipofika ukingoni alifanya mambo mawili: alirudisha gari la karatasi mwanzo, na kuipandisha karatasi mstari mmoja. Kompyuta zilirithi matendo hayo kwa alama mbili zisizoonekana, nambari 13 na nambari 10. Windows huandika alama zote mbili kila mwisho wa mstari. Linux huandika ya pili peke yake. Jambo hili laonekana dogo, lakini faili ihamayo yaweza kufika imejaa alama ngeni mwishoni mwa mistari, au programu ya kale ikaionyesha kuwa mstari mmoja mrefu usio na mwisho. Tulipatana kwamba maandishi yetu yote yahifadhiwe kwa desturi ya Linux, nasi tukaiamuru Vim ya kijijini ifuate hivyo. Haikuwa lazima desturi hiyo iwe bora kuliko nyingine. Ilikuwa lazima iwe moja.

Kikwazo cha tatu kilikuwa herufi, nacho ndicho kilichonitia hofu kuliko vyote. Maelezo yetu yalikuwa ya Kiswahili, ambacho herufi zake hazina alama juu yake. Lakini majina ya Baba Mkubwa yalikuwa ya Kigikuyu, na Kigikuyu kina ĩ na ũ, ambazo sauti zake si sawa na i na u. Siku moja kompyuta ya kijijini iliharibika, na yule msichana akaichukua kazi mpaka duka moja la kompyuta sokoni. Alipoifungua huko kwa programu nyingine, neno mũgũnda, yaani shamba, lilitokea limeandikwa mÅ©gÅ©nda. Kila jina la kijito na la kipande cha ardhi lilikuwa limevaa matambara ya namna hiyo. Msichana alikuwa na busara. Hakuhifadhi cho chote; aliifunga faili kama alivyoikuta, akanipigia simu. "Ami," alisema, "majina ya Babu yameharibika, lakini sijayagusa."

Kwa kweli hayakuharibika. Kompyuta haihifadhi herufi. Huhifadhi nambari, na kila nambari husomwa kwa jedwali. Jedwali la zamani la Windows lilitoa nambari moja yenye ukubwa wa baiti moja kwa kila herufi, na katika jedwali hilo herufi zetu hazikupata nafasi. Sisi tuliandika kwa utaratibu uitwao UTF-8, ambao Ken Thompson na Rob Pike waliubuni mwezi wa Septemba 1992, wakiwa mezani katika mkahawa mmoja wa New Jersey, juu ya karatasi ya kuwekea sahani. Utaratibu huu una nafasi ya herufi za lugha zote za dunia, nao huiandika ũ kwa baiti mbili. Programu ya dukani ilizisoma baiti hizo mbili kwa jedwali la zamani, ikaona herufi mbili ngeni mahali pa herufi moja. Maandishi yalikuwa mazima. Msomaji wake ndiye aliyekuwa na kamusi isiyo yao. Lakini lau msichana angeyasahihisha kwa mkono, neno baada ya neno, na kuyahifadhi, hapo ndipo yangeharibika kweli. Shika jambo hili, msomaji: maandishi yakikutokea katika sura ngeni, usikimbilie kuyarekebisha. Uliza kwanza kama ni maandishi yaliyogeuka au ni macho yanayoyatazama.

Kikwazo cha nne kilikuwa mikono miwili ndani ya chungu kimoja. Vim ina mlinzi. Unapofungua faili, huweka kando yake faili nyingine ya muda, na ndani yake huandika jina la mtumiaji na jina la kompyuta. Mtu wa pili akijaribu kuifungua faili ile ile, programu humwonya kwamba yumo mwenziwe. Onyo hili ni jema sana, lakini lafaa pale tu ambapo faili ni moja mahali pamoja. Nakala mbili katika kompyuta mbili hazionani; kila moja hujihesabu kuwa ndiyo asili. Mimi ningeweza kusahihisha sura ya tatu Nairobi, na msichana akaongeza habari katika sura hiyo hiyo kijijini, na siku ya kukutana tungekuwa na vitabu viwili badala ya kimoja.

Hata historia ya kutendua ina masharti yake. Tangu Vim 7.3, iliyotolewa mwaka 2010, programu hii inaweza kuihifadhi historia hiyo katika faili ya pembeni, nayo yaweza kusafiri pamoja na kazi. Lakini kabla ya kuikubali, Vim huyalinganisha maandishi na muhuri uliomo ndani ya historia. Ikiwa maandishi yamebadilishwa na programu nyingine hata kwa neno moja, muhuri haulingani, na historia hukataliwa. Sioni kwamba ni ukali usio na sababu. Historia isiyolingana na kazi ni shahidi asiyekuwapo, na ushahidi wake ungeleta madhara kuliko faida.

Kuna wataalamu wenye njia ya kuruhusu watu wengi waandike mbalimbali kisha kazi zao ziunganishwe. Mashuhuri katika njia hizo ni Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Sisi, kwa kuwa tulikuwa wawili tu, tulichagua sheria nyepesi, ile ya wakimbiaji wa kupokezana kijiti. Aliye na kijiti ndiye aandikaye. Asiye nacho husoma tu. Amalizapo, hufunga kikao, huhamisha folda nzima, na hutuma ujumbe mfupi kwa simu: "Kijiti ni chako." Mpaka ujumbe ufike, mwingine haandiki hata nukta.

Yafaa pia nikutajie njia ya pili, iliyo kinyume cha hii yote. Badala ya kukibeba kikao, mtu aweza kukiacha mahali pake na yeye mwenyewe akakiendea. Mwaka 1987, katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, ilitengenezwa programu iitwayo Screen, na mwaka 2007 ikatokea ndugu yake, tmux. Kwa programu hizi kikao huendelea kuishi ndani ya kompyuta moja hata mwenyewe akiondoka. Naye akiwa mji mwingine hukifikia kwa njia ya siri iitwayo SSH, iliyobuniwa na Tatu Ylönen huko Ufini mwaka 1995. Akikifikia, hukikuta kama alivyokiacha: kishale kilekile, madirisha yaleyale, sentensi ileile iliyokatika katikati. Hakuna kilichofungwa wala kufunguliwa, kwa hiyo hakuna cha kuharibika njiani.

Njia hii ni nzuri mno palipo na mtandao usiokatika. Tangu mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa, nchi yetu imepata mtandao wa kasi ambao wazazi wako hawakuujua wakiwa shuleni. Lakini waya ni waya. Mwezi wa Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilipoharibika baharini, watu wengi wa Afrika Mashariki walikuwa na kompyuta nzima mikononi na kazi isiyofikika. Na katika mgongo wetu wa kilima adui alikuwa mdogo kuliko bahari: mvua ikinyesha, umeme ulikatika. Atumiaye njia hii ameiweka kazi yake mwisho wa uzi mrefu, na uzi ukikatika hana cho chote mkononi. Abebaye mzigo wake mwenyewe huchoka zaidi, lakini giza likimkuta njiani, chakula anacho. Mimi na msichana tulichagua kubeba.

Hata hivyo, kwa kupita vikwazo vile vyote nilitambua udhaifu mmoja ambao hakuna amri iliyoweza kuuondoa. Kikao hukumbuka mahali kishale kilipokuwa mara ya mwisho. Lakini mahali pa kishale changu Nairobi hapakuwa mahali pa sauti ya mzee kijijini. Katika siku sita za kupanga na kusahihisha, kishale kilikwenda huku na huku. Sura zilihama, na sentensi ya mwisho aliyoisema Baba Mkubwa haikuwa tena mwisho wa faili. Basi tuliweka alama ndani ya maandishi yenyewe: nyota tatu, katika mstari wa peke yake, mara tu baada ya neno la mwisho alilolitamka. Alama hiyo haikutegemea programu, wala aina ya kompyuta, wala jedwali la herufi. Ilihama pamoja na aya yake kila aya ilipohama. Ilikuwa kitu rahisi kuliko vyote, na ndiyo iliyotuokoa.

Katika mwaka wa tatu wa kazi yetu Baba Mkubwa aliugua, akalazwa hospitali kwa majuma matano. Kabla ya kuugua alikuwa akitaja vijito kwa utaratibu, kutoka juu ya mgongo kwenda bondeni, na siku ya mwisho alichoka katikati ya sentensi. Aliporudi nyumbani sauti yake ilikuwa kama ya mtu asemaye kutoka chumba cha pili. Sikuweza kutoka Nairobi siku hiyo. Nilifunga kikao, nikakituma, nikaandika, "Kijiti ni chako."

Msichana alinisimulia yaliyofuata. Mzee aliketishwa penye jua, mgongo wake ukiegemezwa mto, naye akauliza swali lake lile lile. Msichana alikifungua kikao, akatafuta nyota tatu, akamsomea: "Chini ya ule mugumo kuna kijito chembamba, na wanawake waliokuwa wakiteka maji pale walikiita." Hapo sentensi ilikuwa imekatika. Mzee alinyamaza kitambo kirefu, hata msichana akadhani amesinzia. Kisha alilitamka jina, akaliongezea vijito vingine vinne vilivyobaki mpaka mtoni, na sababu ya kila jina. Msichana aliyaandika yote kwa ĩ na ũ zake. Majina hayo sitayaandika hapa, kwa sababu ni mali ya watu wa mgongo ule, nao wanayo sasa katika kitabu kidogo kilicho katika kila nyumba ya ukoo wetu. Baada ya siku ile Baba Mkubwa hakusema tena habari ndefu, na miezi miwili baadaye alifariki.

Msomaji, mimi sikuelezi haya ili uipende Vim. Programu huja na kwenda, na huenda wewe utatumia nyingine ambayo mimi sitaijua jina. Nakueleza kwa sababu kila mtu afanyaye kazi ya akili atahama nayo: kutoka shule hata nyumbani, kutoka kompyuta iliyokufa hata iliyo hai, kutoka mkono wake hata mkono wa mwenziwe. Ahamaye bila ya mpango hupoteza kidogo kidogo, na hasara ya kidogo kidogo haina kilio, ndiyo maana haionekani mpaka imekuwa kubwa.

Kwa hiyo kabla ya kuinuka mbele ya kompyuta yo yote, jiulize maswali manne. La kwanza: kila kitu ninachokihitaji kimo ndani ya mzigo mmoja, au nimebeba ramani bila ya shamba? La pili: huko kiendako, je, kitasomwa kwa herufi zile zile na kwa mistari ile ile? La tatu: ni nani mwenye kijiti sasa, na je, mwenzangu anajua? La nne, lililo kubwa kuliko yote: mtu atakayekifungua, akiwa ni mimi au mwingine, ataonaje mahali nilipofika? Na ikiwa kompyuta ni ya shule au ya duka, ongeza jambo la tano: usiondoke ukaacha nywila yako na nakala za siri zako kwa watakaoketi baada yako.

Mambo haya huchukua dakika chache. Katika chumba cha kompyuta, kengele ya kwanza inapolia, wanafunzi wengi huhifadhi faili kwa haraka, wakakimbilia mlangoni. Wewe baki kidogo. Andika alama yako, funga kikao chako, hakikisha nakala imefika kwa kuifungua na kuitazama, ndipo utoke. Atakayeketi kesho mbele ya maandishi hayo, pengine wewe mwenyewe ukiwa umechoka na umesahau, atajua mara moja neno gani linalofuata.